Mwita Alivyopima Mtandao Upande Mmoja

Hapana mwanangu, sikumfukuza. Mjukuu wangu Mwita aliondoka mwenyewe, na kiti chake hicho hapo mlangoni nawakatalia hata kuku. Kaa wewe, maana na wewe unasomea mambo ya kompyuta kama yeye.

Naikumbuka siku aliyokuja kufunga antena hapa kwetu Kemambo, nyuma ya zizi langu. Ilikuwa irushe mtandao mpaka zahanati, kule bondeni. Nesi wetu, Sista Zuhura, mtoto wa Lindi, mama mjamzito akizidiwa amwonyeshe daktari wa mjini kwa video, aelekezwe.

Mwita akaketi jikoni kwangu na kompyuta yake, kifua mbele, Kiswahili cha Sirari: "Bibi, hii kitu iko fiti! Cheki namba!"

Nikamuuliza anapimaje. Akanieleza taratibu, kama mimi ndiye mtoto. Njia ziko mbili. Moja wanaiita TCP: inatuma, inangoja upande wa pili uitikie, kilichopotea inakirudia. Nyingine UDP: hiyo inamwaga tu, haingoji mtu. Ile ya kungoja ikampa kinamba kidogo cha kasi, akanuna. Ile ya kumwaga ikampa linamba likubwa, akacheka mpaka gego likaonekana.

"Na kule zahanati imefika yote?"

"Aa, Bibi, niteremke bonde lote nikasome? Si imetoka?"

Nikacheka, nikamwambia, "Haya, injinia wangu." Hapo ndipo moyo unaponiuma. Mimi nimelelewa na bibi yangu kule Susuni, na zamani habari tulizipiga kwa sauti, kilima kwa kilima. Siku moja niliagizwa kuita watu wa ng'ambo. Nikaita, nikakimbilia kucheza. Bibi akanishika sikio: "Umeita. Nani ameitika?" Kwetu aliyeitwa lazima arudishe neno lilelile. Asiporudisha, hujaita, umebweka. Neno hilo nilikuwa nalo ulimini, nikalimeza ili nisimharibie kijana furaha.

Akapeleka linamba lake kwa waliomtuma. Zahanati ikaambiwa mtandao uko tayari.

Mvua zilipoanza, asubuhi moja jirani yangu akashikwa na uchungu, mtoto amekaa vibaya. Sista akapiga video. Daktari akaonekana vipande vipande, mdomo unafunguka, sauti haiji. "Daktari, wanisikia? Daktari!" Akarudia, akarudia, akiamini mtandao. Gari likaitwa jua limeshaenda, na njia yote tope. Mama alipona. Mtoto tulimzika.

Wanasema majuto ni mjukuu. Wangu mimi ana jina.

Basi mwanangu, mwenda pole hajikwai. Ukipima, teremka bonde, ukasome kilichofika. Namba ndogo ya kweli usiionee aibu. Hiyo ndiyo ingemfanya Sista aite gari asubuhi. Na ukiwa mzee, ukimwona kijana anakosea, usimchekee. Mungu akupe magoti ya kuteremka na kupanda, na kila utakapoita, uitikiwe.

Neno lililomwondoa Mwita nimeliweka nyuma, maana linachoma. Alikuja mazikoni, akaanza: "Lakini Sista, kwenye kipimo ilikuwa..." Sista Zuhura, ambaye sijawahi kumsikia akipaza sauti, hata siku hiyo hakupaza:

"Ulipima mdomo wako, Mwita. Sikio langu hukulipima."