Madini ya Chuma kwenye Ukwaju

Nyie wenzangu mnaopenda kujua kila kitu, nisikilizeni kabla hamjaonja cha watu.

Mimi ni bwana afya. Juzi nilipanda baiskeli hadi Samuye kuwafundisha akina mama faida za ukwaju. Tulikusanyika nyumbani kwa Mama Kulwa, mke wa balozi wa nyumba kumi, na kando ya jiko nikaona chungu cha maji ya ukwaju. Najua Wasukuma huyatia kwenye uji, kwa hiyo sikuuliza. Nikachota kata moja nikanywa mbele ya darasa zima.

Yalikuwa machachu sana, na nyuma ya uchachu kulikuwa na ladha ya msumari. Nikashangaa. Nikanywa tena polepole, nikiyatembeza ulimini kama mtaalamu, mpaka nikapata jibu.

"Akina mama," nikasema, "ladha hii ni madini ya chuma. Ndiyo yanayoongeza damu kwa mjamzito."

Wakatazamana. Mgeni hakatizwi, nami nikadhani kimya kile ni kiu ya elimu. Nikainamisha chungu nipate ya chini kabisa, penye chuma kingi zaidi. Kitu kikalia ndani, kisha bangili zikateleza hadi kwenye kata yangu, zinameremeta kama mpya.

Mama Kulwa akazipokea kwa mikono miwili.

"Ni za mama mkwe," akasema taratibu. "Tumeziloweka zing'ae, kesho anakwenda ngomani. Na siyo chuma, bwana afya. Ni shaba."