Siku Tuliyokwenda Kumchukua Babu

Juzi, kwenye barabara ya Tarime, niliona pikapu imebeba sanduku jipya la mbao na wazee wameketi kulizunguka. Nikakumbuka mchana mmoja wa utotoni.

Nyumbani walikuwa wakiniambia kwamba babu amelala kwa bibi, mlimani. Kwa hiyo baba aliposema tunakwenda kumchukua, kwa kuwa mlima ule ungechimbwa dhahabu, nilivaa gauni la kanisani ili nimsalimie vizuri.

Nyuma ya zizi la ng'ombe kulinuka udongo mbichi na samadi. Sururu ziligonga mawe. Bibi alikuwa ameketi peke yake kwenye kigoda.

"Shikamoo, bibi. Babu bado hajaamka?"

Alinivuta karibu, ananukia moshi na tumbaku. "Wanamtoa, mjukuu wangu."

Nikamsubiri mzee mrefu mwenye fimbo. Badala yake baba mdogo alipanda kutoka shimoni na furushi la shuka jeupe, amelibeba kwa mkono mmoja. Sikujua bado kwamba mifupa ya mtu mzima ni myepesi hivyo.

"Kwani babu alikuwa mtoto?" niliuliza. Baba akageuza uso.

Sanduku lilikuwa tayari, lakini bibi alilikataa. Alipanda nyuma ya gari, akampakata.

"Alinipandisha huku nikiwa bibi harusi," alisema. "Leo namteremsha mimi."

Tulimzika tena bondeni, kwenye kiwanja ambako bibi hakumjua jirani hata mmoja. Mavuno hayajafika, tukamzika na bibi hapo hapo.