Kasia Alilonichagulia Shangazi

Mwalimu aliyekuwa atupeleke mtoni kuendesha kayaki, vile vijitumbwi vyembamba vya kushindana na maji ya kasi, aliniazima makasia mawili nikachague moja nyumbani. Nyumbani ni Msalato, ambako bomba halikuwa limetoa hata tone kwa siku nne.

La kwanza lilikuwa refu, jeusi, linang'aa. La pili fupi, la njano, limechubuka. Nilikuwa nimeshajipiga picha na lile jeusi wakati shangazi yangu, mkulima wa karanga kutoka Mlali, alipotoka ndani. Nikamwamkia, nikamweleza kwamba unakaa, unapiga maji kushoto, kulia.

"Maji yapi?"

Nikamwinulia yale makasia. Akaninyang'anya yote mawili. Kwao mpini wa jembe hauchaguliwi kwa macho. Akatemea mate viganjani, akalikita lile jeusi kwenye tuta langu la mchicha kama analima. Nikapiga kelele. Akalitupa pembeni.

"Linayumba. Na mtu mfupi hapewi mpini mrefu." Akanikabidhi la njano.

Kilichoniudhi zaidi ni kwamba mtoni mwalimu alinipima na lile la njano, akasema nimechagua kama mzoefu. Wimbi la kwanza likanipindua. Niliibukia mbali huko, bila kayaki, bila kiatu kimoja, nimelikumbatia kasia.

Jioni nikampigia simu shangazi, aliyekuwa amesharudi Mlali, kulalamika.

"Limevunjika?"

"Hapana."

"Basi usinisumbue. Mpini nilikuchagulia. Mikono ulikwenda na ya kwako."