Pindo la Vidole Vitatu

Baba yangu alikuwa fundi cherehani, na kwa miaka arobaini hakuna sketi ya shule iliyotoka mezani kwake bila pindo la vidole vitatu. Watoto wanarefuka, nguo hazirefuki. Mwaka ukigeuka mzazi anarudi na sketi ile ile, Baba anafumua, anashusha pindo, anapiga pasi, mtoto anaenda shule. Watu walimwita Bwana Pindo.

Daktari alipomwambia amebakiza miezi, alishukuru, akauliza kama anaruhusiwa kuendelea kukanyaga cherehani. Nilikuwa nimekaa pembeni yake. Nilitegemea nitalia. Nilisoma bango la kunawa mikono tangu juu mpaka chini, kisha nikalianza tena.

Mama alitaka neno moja tu kutoka kwake: kwamba wataonana huko mbele. Baba hakuamini kama kuna huko mbele. Hakubishana na mtu wala hakumcheka anayesali, ila uongo ulimshinda, hata ule wa mafundi wote, wa "njoo kesho, iko tayari".

"Sema tu, baba watoto," Mama alimwambia tukila. "Inakupunguzia nini?"

"Nikisema nisichoamini, utajua."

"Nitajua. Wewe sema hivyo hivyo."

Baba akamsogezea chumvi. Nilimkasirikia kwa siku mbili, na hata hasira yenyewe haikuwa na nguvu.

Binti yangu alikuwa anaingia darasa la kwanza. Babu yake akamshonea sketi, kazi ya saa moja ikamla siku tatu. Mama ndiye aliyeichukua kuipiga pasi. Akaigeuza nje ndani, akapitisha kidole chini, akasimama. Pindo lilikuwa jembamba kama ukucha.

"Umesahau pindo," akasema.

Baba akavaa miwani, akaitazama.

"Mkono umekata wenyewe," akasema. "Umeshajua mwakani sipo."

Mama akakaa kitandani. Hakuomba lile neno tena. Pasi ilikuwa bado inawaka, nikaichomoa, na hiyo ndiyo kazi pekee niliyoiweza siku hiyo.

Kesho yake Baba alimwita Mama mezani. Alikuwa ameunga kipande cha kitambaa kile kile kwa ndani, pindo limerudi vidole vitatu.

"Mshono wa kuungia utaonekana," akasema. "Wakiuliza, sema ndiyo mtindo." Akampa wembe. "Mwakani anzia hapa. Nimeshona nafasi nafasi, uzi hautakusumbua."

"Mimi na ufundi wapi na wapi?"

"Kufumua tu. Jaribu."

Mama akafumua kidogo, Baba akashona tena. Wakarudia mpaka Baba akachoka, akaenda kulala. Tulimzika baada ya wiki sita.

Leo asubuhi sketi ilikuwa inamwacha binti yangu magoti wazi. Mama akavaa miwani ya Baba, akashika wembe, akakaa na sketi mapajani bila kufanya kitu. Mtoto alisimama mlangoni na shati na viatu, anasubiri.

"Nikifumua hapa," Mama akasema, "ndiyo basi. Hakuna mshono mwingine alioniachia."

"Mama, mtoto anachelewa."

"Najua."

Akaingiza wembe pale pale alipoonyeshwa. Uzi ukaachia bila kumsumbua, kama alivyoambiwa.