Mstari Nilioufuta

Mwaka ule nilichoka kutafsiri. Kampuni yetu ndogo pale Keko, katikati ya mafundi samani, ilitengeneza majiko yanayogeuza makaa ya mawe kuwa gesi kwanza, halafu gesi ndiyo inayoungua. Mchana kutwa, kama mkalimani wa kampuni, nilikaa kwenye semina na wataalamu waliozungumzia mitambo ya kunasa kaboni viwandani na kuizika ardhini. Nikatafsiri yote. Jioni nilirudi Ukonga kwa mama yangu, ambaye amekohoa moshi wa kuni na mkaa tangu nipate akili, nikijiuliza wa kwake ataunasa nani.

Basi nikampelekea jiko letu. Moto wake ni wa buluu, sufuria haishiki masizi. Kikohozi kikapungua, nami nikajiona mtoto wa maana. Karatasi ya maelekezo niliiandika mimi. Kulikuwa na mstari uliosema jiko litumike mahali panapopita hewa tu, lakini bosi aliona utatisha wateja, akataka niutoe. Nilibisha kidogo, kisha nikaufuta. Nilitaka kuwahi nyumbani, basi.

Kwetu mkaa huwashwa uani. Ukishakolea na moshi kuisha, jiko huingizwa ndani ili maharage yaive taratibu. Moshi ukiisha, hatari imeisha: hivyo ndivyo mama alivyojua maisha yake yote, na karatasi yangu ilijaa sifa za jiko lisilo na moshi. Siku moja ya masika mvua ikamkuta uani, maharage yakiwa motoni. Akaliingiza jiko chumbani, akafunga mlango na dirisha. Niliporudi kutoka kazini nilimkuta sakafuni, ametapika, hanitambui. Sijawahi kuogopa vile.

Alizinduka hospitalini kesho yake. Daktari, kijana mpole, alieleza kwamba hewa ya jiko iliyomlevya haina rangi wala harufu, na kwamba angechelewa kuletwa kidogo tu tungekuwa tunaongea mengine. Kisha akamuuliza kama jiko halikuja na maelekezo.

"Lilikuja nayo," mama alijibu kwa sauti ya kukwaruza. "Mie ndio sikusoma vizuri, daktari. Karatasi haina kosa, kaiandika mwanangu huyu."

Alisema hivyo kwa fahari, akinionyesha kwa kidevu. Daktari akamsihi siku nyingine asome kwa makini. Mama akaomba radhi. Nilikuwa nimemshika mkono; nikauachia, nikamrekebishia shuka.