Rubisi Ambayo Mwenyewe Hakuionja

Nilifika Karagwe nikiwa juu ya magunia ya chumvi, cherehani yangu nimeibana katikati ya magoti. Nilitoka Tabora kwa treni hadi Mwanza, nikavuka ziwa kwa meli hadi Bukoba, nikakwama Bukoba mpaka mvua zikapungua, kisha nikapata nafasi kwenye lori la mfanyabiashara aliyekuwa akipeleka bidhaa kwenye maduka ya huko juu. Baada ya kuvuka mto Kagera pale Kyaka, lori likaanza kupanda, na kadiri lilivyopanda ndivyo nilivyozidi kuona vilima vya majani matupu, ng'ombe wenye pembe ndefu wametawanyika juu yake, na mabondeni migomba imesongamana mpaka huoni nyumba, unaona moshi tu. Sikuwa naenda Karagwe. Nilikuwa naenda Uganda, kwa sababu moja tu, kwamba sikuwahi kufika.

Tulipokwisha kuipita Nyakasimbi, lori lilisimama kushusha chumvi. Karibu na duka palikuwa na jengo refu la nyasi, na humo ndani nikasikia watu wengi wakipiga kelele kwa pamoja, kisha wote wakanyamaza ghafla kama waliozibwa midomo.

"Kuna msiba?" nikamwuliza utingo.

"Msiba wapi! Hiyo ni lukiko. Leo wanahukumu kesi."

Nikamwambia anishushie cherehani.

Lazima nieleze ugonjwa wangu. Wapo watu wanaofuata ngoma, na wapo wanaofuata mpira. Mimi nafuata kesi. Nilisoma sekondari kidogo, nikafanya ukarani nikauchoka, nikajifunza kushona kwa sababu cherehani inahamishika. Lakini kila mji niliopita niliuliza kwanza mahakama iko wapi, kabla ya kuuliza pa kulala. Nimewahi kumwona jaji wa Kizungu mwenye nywele za bandia, na watu wote wakisimama anapoingia. Ilikuwa nzuri, sikatai. Lakini pale mwili haukunisisimka kama ulivyonisisimka katika jengo lile la nyasi.

Nilipata pa kushonea kwenye baraza la duka, na pa kulala katika kijumba nyuma ya nyumba ya mkulima mmoja wa ndizi na kahawa, mtu mzima, Mlutheri, mpole wa sauti na mgumu wa shingo. Alikuwa na mke na binti mmoja. Jioni ya kwanza nilimwamkia shikamoo, akanikaribisha kwenye nyasi safi zilizotandikwa sakafuni, akanipa punje za kahawa za kutafuna, kisha akaletewa kibuyu cha rubisi. Hiyo ndiyo pombe ya kwao, ya ndizi na mtama. Akakishika, akanywa yeye mwanzo, tena funda kubwa, ndipo akanipa mimi.

Nikaona ajabu. Kwetu mgeni ndiye huanza. Nadhani uso wangu ulisema, maana mkewe alicheka.

"Fundi amekasirika! Anaona mzee ana kiu kuliko mgeni."

"Hapana, mama, sikukasirika."

"Sasa ulitaka unywe wewe kwanza, ufe, ndipo sisi tujue kama ni nzuri?"

Mzee akanieleza taratibu. Kwao pombe ya mtu huonjwa na mwenye nyumba mwenyewe, mbele ya macho ya anayepewa. Ndipo inakuwa pombe ya kunyweka. Kabla ya hapo ni maji tu yaliyomo mtumbwini. Mtumbwi wenyewe ni gogo lililochongwa, halijapata kuona ziwa. Ndani yake ndizi mbivu hukanyagwa kwa miguu pamoja na majani mpaka zitoe maji, unachanganywa mtama uliokaangwa, kisha yote yanafunikwa kwa majani ya migomba na kuachwa yafanye kazi. "Hata mfalme," akasema, "akija hapa nitaonja kwanza. Nisipoonja, hatainywa."

Nilikaa nao miaka. Siku za kesi nilifunika cherehani kwa gunia na kwenda lukikoni, na wateja wakazoea. Aliyeongoza pale alikuwa mwami, yaani mkubwa wa eneo zima, na chini yake kila kijiji kilikuwa na mkuu wake, waliyemwita mkungu. Pembeni walikaa wazee wa baraza wakitafuna kahawa. Mawakili hawakuruhusiwa katika mahakama zile za wenyeji. Kila mtu alisimama na mdomo wake mwenyewe. Nilisikia kesi za mipaka ya migomba, za ng'ombe walioingia shambani, za mahari, za matusi. Nilishangazwa na jinsi watu walivyokumbuka. Mzee mmoja aliweza kueleza mgomba upi ulipandwa na nani na ulianguka kwa upepo gani, na mwenzake akamsahihisha.

Kulikuwa na desturi ambayo kila aliyepika pombe alijua: kibuyu cha kwanza ni cha mkungu, na kingine hupelekwa kwa mwami. Zamani, waliniambia, kilikuwa heshima. Ulimpa mkubwa wako kama unavyompa baba mkwe. Lakini siku zile mambo yalishaanza kubadilika. Vijana waliorudi kutoka Bukoba kuuza kahawa walikuja na maneno ya mikutano, wakasema kwamba mtu ni mtu, na kibuyu ni hiari. Wakungu nao waliposikia hivyo wakazidi kukaza. Mkungu wetu alianza kutuma watu wake kudai kibuyu kwenye kila moshi wa mtama unaokaangwa.

"Mzee, wewe unasemaje?" nilimwuliza mwenyeji wangu siku moja tukivuna kahawa.

"Mimi sina ugomvi na kibuyu. Natoa tangu baba yangu. Ila kinatoka mkononi mwangu."

Basi binti yake akaposwa, na familia ya muoaji ilikuwa ya upande wa Igurwa, watu wa ng'ombe, Wakristo, watu wa kujiheshimu sana. Ilipangwa waje Jumamosi kumchukua. Mzee akakanyaga ndizi Jumatatu, na mimi nilikanyaga naye, miguu ikaniwasha siku nzima. Kazi kubwa ya baba siku hiyo ni kuonja. Wakwe wakifika, baba wa binti anakunywa mbele yao, anawakabidhi kibuyu, na wao wakinywa, binti ameshatoka. Baba wa mzee alikwisha kufa, na mzee hakuwa na kaka. Hapakuwa na mtu mwingine wa kuonja.

Jumatano mchana watu wawili wa mkungu wakaja na vibuyu viwili. Mimi nilikuwa nyumbani, nashona gauni la bibi harusi.

"Tumekuja kuchukua cha mkubwa," mmoja akasema.

"Hamjambo? Kaeni kwanza," mzee akasema. "Bado sijafunua. Kesho naonja, kesho hiyohiyo naleta mwenyewe, cha mkungu na cha mwami."

"Mkubwa amesema leo."

"Mwambieni haijaonjwa."

"Wewe ni nani wa kumpangia siku?"

Wakafunua majani, wakazamisha vibuyu. Mzee akashika mkono wa mmoja wao. Hakumpiga, alimshika tu, kama unavyomshika mtu anayetaka kuteleza. Wakaondoka na vibuyu vimejaa, na kabla jua halijashuka wakarudi wenyewe wakamchukua na yeye. Shitaka lilikuwa kumnyima mkungu haki yake na kuidharau serikali. Kesi Ijumaa. Kila mtu alijua kosa kama hilo linampeleka mtu jela huko Bukoba, na hatoki upesi.

Mama alifunika tena mtumbwi kwa majani yaleyale. Majirani wakamshauri aionje yeye, angalau ajue kama imeharibika. Akakataa.

"Mwenyewe yuko kifungoni. Nikionja mimi nimemzika."

Nami nilijua rubisi haingoji. Ikikaa sana inakuwa kali, inawaka kooni. Binti alikuwa anapita karibu na mtumbwi bila kuuangalia, kama mtu anayepita kaburini. Usoni alionyesha kwamba anahesabu kichwani mwake: baba asipotoka, Jumamosi wakwe watafika, watakaa kwenye nyasi, watangoja, kisha watainuka na kurudi Igurwa bila yeye. Watu wa namna ile wakirudi mikono mitupu hawaji tena.

Ijumaa jengo lilijaa mpaka nje. Nilibanwa kwenye nguzo, gauni nimeliacha nyumbani bado lina sindano zangu, mkono wangu mfukoni ukishika kitabu changu cha sheria kilichochakaa, kisicho na faida yoyote mahali pale. Mzee alikuwa amesimama katikati, nguo zake zina vumbi. Mkungu alisimama upande wa pili akiwa amevaa koti. Alikuwa msemaji mzuri, lazima niseme kweli.

"Waitu," akaanza, akimwinamia mwami kwa neno lile la heshima, "mtu huyu anadai pombe ilikuwa haijawa tayari. Ni uongo. Ilikuwa imeiva kabisa. Nimeinywa mwenyewe."

"Umeinywa," mwami akasema.

"Nimeinywa, waitu. Tena ilikuwa nzuri. Kama ingekuwa mbichi ningejua. Kwa hiyo alikataa kwa kiburi tu."

Watu wakacheka kidogo. Mtu mmoja nyuma yangu akanong'ona, "Anajisifu ulevi mbele ya mwami." Lakini mwami hakucheka. Alikuwa mtu mnene, mwenye macho yanayoonekana kama yanasinzia. Akauliza kwa sauti ya kawaida tu, kama anayeuliza habari za mvua:

"Nani aliionja?"

Mkungu akawageukia watu wake wawili.

Wazee wa baraza waliacha kutafuna. Nadhani mkungu mwenyewe ndiye aliyeelewa kwanza, maana mkono wake ulipanda polepole ukashika koo. Alikuwa amekuja na ushahidi wake mkubwa, na ushahidi huo ulisema kwamba amekunywa pombe ya mtu bila mwenyewe kuionja. Hakuna mtu wa pale anayefanya hivyo. Ni kama kukiri umekula chakula cha mbwa.

"Mimi nilidhani..." akasema.

"Ulidhani aliionja?"

"Walioileta hawakusema, waitu."

Mwami akamgeukia mzee. "Wewe, uliionja?"

"Mpaka leo sijaionja, waitu. Iko chini ya majani."

Sisi wote tulijua jambo ambalo hakuna aliyethubutu kulitamka: vibuyu vilikuwa viwili, na cha pili kilikuwa nyumbani kwake. Alikuwa anamhukumu mkungu wake, na pia alikuwa anahukumu meza yake mwenyewe, ile iliyokuwa ikipokea vibuyu kutoka kila kijiji tangu enzi za baba yake.

Akamwita mtumishi. "Nenda nyumbani ukalete kile kibuyu."

Kikaletwa. Bado kilikuwa kimezibwa kwa jani, hakijaguswa.

"Kilichotoka nyumbani kwa mtu kabla hajakionja," mwami akasema, "hakikutolewa. Kilichukuliwa. Huyu hakumnyima mtu haki, kwa sababu haki ya mkungu ilikuwa bado haijazaliwa. Aende kwake. Na tangu leo kibuyu kitatoka kwa mkono wa mwenyewe, baada ya kuonja, akipenda. Cha kwangu pia."

Mama alipiga kigelegele kimoja, kikali, kisha akajiziba mdomo.

Mzee akakabidhiwa kibuyu. Akatoa jani, akanywa funda pale pale, mbele ya watu wote, akafikiri kidogo, akasema, "Haijaharibika." Nusu ya jengo ikacheka. Kisha akabaki amekishika. Kila mtu alingoja ampe mwami. Ilikuwa ndiyo adabu, na ilikuwa rahisi, hatua chache tu. Mwami naye alikuwa anamtazama, hakunyoosha mkono.

"Wakwe zangu ni wengi, waitu," mzee akasema. "Kesho karibu nyumbani, utakunywa pamoja nao."

Nilishika nguzo. Niliogopa kwamba sasa ndiyo amejimaliza. Lakini mwami alitikisika mwili mzima, na kumbe alikuwa anacheka.

"Nitakuja," akasema.

Na alikuja. Alikaa kwenye nyasi na watu wa Igurwa, akangoja zamu yake kama mgeni yeyote. Mzee alionja, binti akatoka akiwa amevaa gauni langu, upindo mmoja umekwenda upande kwa sababu ya haraka. Mkungu hakuja. Wiki iliyofuata mzee alimpelekea kibuyu kwa mkono wake, nami nilimsindikiza. Mzee alipokiinua aonje, mkungu hakukitazama kibuyu hata kidogo. Alikuwa anatazama mdomo wa mzee, na alipoona amemeza ndipo akapokea kwa mikono miwili.

Siku hizi neno uhuru limejaa kila mahali, kwenye mikutano, kwenye treni, kwenye viambaza vya maduka. Sina neno nalo, mimi mwenyewe nalipenda. Ila kila ninapolisikia sioni bendera. Namwona mtu mwenye vumbi akishuka kilima, kibuyu kwapani, na hakuna anayemwuliza anakipeleka wapi.

Niliondoka kwa sababu ile ile iliyonileta. Nilikuwa nimesikia kwamba upande wa Bugomora kuna njia ya kuingia Uganda, na bado sikuwahi kufika. Lori lilipokuja, mzee alikuwa barabarani na mkewe, na kibuyu kilichozibwa kwa jani.

"Huyu hatarudi," mama akasema. "Mtazameni miguu yake, imeshapanda."

"Nitarudi, mama."

"Ukirudi utakuta tumeshakusahau, tutakuamkia shikamoo kama mzungu."

Dereva akapiga honi. Mzee hakuharakishwa. Akafungua kibuyu, akanywa funda lake, akameza nikimwona, ndipo akanikabidhi. "Sasa ni yako," akasema.

Nikapanda juu ya mizigo. Lori lilipoingia kwenye vilima vya majani, abiria wote walikuwa wanatazama kibuyu changu, na utingo akanyoosha mkono bila aibu.

"Ngoja," nikamwambia, nikanywa mimi kwanza.