Mjomba kwa Linki

Kwetu huku Kusini mtoto wa dada haposwi mpaka mjomba atamke. Baba mtu anaweza kuketi pale na kanzu yake iliyopigwa pasi, akacheka na wageni, akala. Neno ni la mjomba. Na mjomba wa mpwa wangu ndiye mimi, mtu ambaye nikitoka nyumbani Chuno kwenda Rahaleo, mjini humuhumu, naaga kama naenda Hija.

Posa ilikuwa Dodoma, kwa dada yangu. Nikasema mgongo haunipi nafasi ya kupanda basi. Mgongo haukuwa na neno. Wakanitumia linki: bonyeza tu, utatuona. Programu yenyewe simu yangu iliikataa, imeshiba video za mawaidha, basi nikafungulia kwenye brauza.

Kikaja kiduara, kikazunguka. Nikafunga, nikafungua. Nikazima simu, nikaiwasha. Bando, lipo. Nikajikokota hadi kona ya ua, penye banda la kuku, ambako mtandao hushika. Hapo ukurasa ukafunguka nikawaona: dada, shemeji, na wageni wa Musoma wamejipanga kwenye makochi. Nikatoa salamu ndefu ya kiutu uzima. Hakuna aliyeitikia. Kwao nilikuwa kisanduku cheusi kisicho na sauti.

Dada akapiga kwenye simu ya mke wangu, kitochi kisicho na kamera. "Kaka, unaniaibisha! Wageni wanaondoka jioni hii, na kijana kahamishiwa Kigoma. Wakiondoka bila neno lako, mwanangu atakaa mpaka lini?"

"Basi nitamke kwa simu hiihii."

Mshenga wao akasikika nyuma: "Sauti inaweza kuwa ya jirani yeyote. Kwetu baba akikubali, tunakula. Mkitaka mjomba, tumwone mjomba!"

Nikarudia yote: funga, fungua, zima, washa. Jasho likanitiririka. Mke wangu akaacha mihogo aliyokuwa anamenya, akafuta mikono kwenye khanga.

"Hebu, msomi wa sekondari. Mara ya kwanza ilikuuliza nini?"

"Kama nakubali itumie kamera na maikrofoni."

"Ukajibu?"

"Nikazuia. Si wanasema matapeli wanapitia hapo?"

"Matapeli wakuone wewe na banda la kuku, waibe nini?"

Akagusa kialama kilicho kando ya anwani, juu kabisa, akakuta nilipozuia, akaruhusu vyote viwili, akafungua ukurasa upya. Uso wangu ukatokea, umechoka kama wa mtu aliyekuja Dodoma kwa miguu, na jogoo nyuma ya bega.

"Kumbe yupo!" mshenga akapiga kofi paja lake. "Mjomba, umeridhia?"

Nilikuwa nimeandaa hotuba, ila yote iliishia kwenye kile kiduara. Nikasema, "Nimeridhia."

Vigelegele vikapasua spika. Mpwa wangu akasogea karibu mpaka macho yake yakajaa kioo chote, yamelowa.

"Ahsante, mjomba. Ila harusini hatutaki linki. Uje mwenyewe."

Nikakaa kimya, mdomo wazi, bila kupepesa, aone picha imeganda.

"Mjomba," akasema, "jogoo wako anatembea."

Mke wangu akainyakua simu. "Tutakuja, mwanangu. Nitampandisha kwenye basi mwenyewe."

Mgongo ukaanza kuniuma palepale, na sasa kweli.